Kuchuna Waya Bila Kuijeruhi Shaba: Fundi wa Majokofu wa Kiserian na Koleo Lake

Mtu ashukaye matatu ya 126 katika kituo cha Kiserian, akiwa ameiacha Nairobi nyuma yake mwendo wa takriban kilomita 25, hupokewa na harufu mbili kabla hajapokewa na mwenyeji wake: harufu ya nyama ichomwayo juu ya makaa, na harufu ya ng'ombe walio hai, ambao wengi wao hawataliona jua la kesho. Mji huu, uliojikunyata chini ya vilima vya Ngong penye barabara iendayo Magadi, ni mji wa nyama. Yapo hapa machinjio ya Keekonyokie, yaliyopata kusifiwa kwa kuzigeuza taka zake kuwa gesi ya kupikia, na zipo bucha zilizopangana kandokando ya njia, na kila bucha yenye heshima ina kabati la kioo lenye baridi ndani yake, ambamo mapaja na mbavu huning'inia kama nguo za arusi dirishani. Wasafiri huisifu nyama, wakamsifu na mchomaji. Sijapata kumsikia hata mmoja akimsifu fundi wa jokofu.

Jumamosi moja niliingia katika bucha mojawapo kwa haja ya kilo mbili, nikakuta kabati limezimwa, nyama imehamishiwa kwa jirani, na fundi amelala kifudifudi nyuma ya mtambo, miguu yake tu ikionekana. Hitilafu, kama alivyonieleza baadaye akiwa ameketi juu ya kreti la soda, haikuwa ya gesi wala ya kompresa, vitu viwili ambavyo mwenye bucha alikuwa ameshaanza kuvipigia hesabu kwa huzuni. Ilikuwa ya waya mmoja, mzima kwa kuutazama, ambao shaba yake ilikatika pale pale ganda linapokomea, chini ya kofia ndogo ya plastiki ifunikayo kiungo. Alipoukwangua mbele yangu niliona alama ya mviringo, nyembamba kama unywele, iliyoachwa na makali ya mtu aliyeufunga waya ule siku za nyuma kwa haraka. Kompresa ya jokofu la kawaida, kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na kila mzunguko una mtikiso wake. Shaba iliyokwisha kutiwa jeraha hujikunja na kujikunjua penye jeraha lile lile, usiku na mchana, hata ikachoka, ikakatika. Hasara ya nyama, usumbufu wa jirani na ujira wa fundi, vyote vilizaliwa na mkato usiofikia sehemu ya kumi ya milimita.

Neno letu la kuchuna latosha kuwa darasa katika jambo hili, na mahali pa kulisomea ni hapo hapo Kiserian. Mchunaji hodari wa ng'ombe hutumia kisu kwa kupasua njia tu, kisha huendelea kwa ngumi, akiitenga ngozi na nyama kwa nguvu ya mkono, kwa sababu anajua kwamba kisu kinapoteleza huacha mtai au tundu, na mnunuzi wa ngozi, ambaye jicho lake halina huruma, ataishusha daraja bila kuuliza ng'ombe alikuwa wa nani. Kwa waya mambo yamegeuka, madhali ngozi ndiyo itupwayo na mwili ndio uhifadhiwao, walakini adabu ya makali ni ile ile: yakate mwanzo wa ganda, yasiguse kilichomo, kisha kuvuta kumalize kazi. Chombo cha kuchunia waya kikiwa kizuri hukata duara katika plastiki na kuliachia ganda liteleze lenyewe. Kikiwa kibaya, ama huacha plastiki inayong'ang'ania ambayo fundi huimalizia kwa meno, ama huzama hadi shabani. Na meno, naomba nieleweke, nimeyaona yakitumika kwa macho yangu, pamoja na wembe, kisu cha jikoni na kiberiti. Kiberiti ndicho kibaya kupita vyote, kwani huichoma shaba ikawa nyeusi, na shaba nyeusi haishikani vema na kitu chochote.

Nasema haya nikiwa mimi mwenyewe ni mkosaji. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua chombo cha kuchunia waya kwa shilingi 350, katika duka ambalo sitalitaja, kwa sababu kilikuwa na mipini myekundu ya kuvutia na matundu saba yaliyochongwa kwa mpango, kila tundu na namba yake, kuanzia 10 hadi 22. Nilidhani namba hizo ni zetu. Nikachuna waya wa swichi na soketi za nyumba nzima kwa furaha ya mtu aliyepata akili mpya, na baada ya miezi michache soketi ya jikoni ikaanza kunuka moto.

Namba zile, kama nilivyokuja kufahamu, ni za kipimo cha Kimarekani, ambacho hesabu yake huenda kinyume na fikira za wengi, kwani namba inapopanda waya hupungua unene. Sisi, pamoja na Uingereza na sehemu kubwa ya dunia, tunaupima waya kwa eneo la mkato wake katika milimita za mraba: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi na viyoyozi vidogo, 4 na 6 kwa mizigo mikubwa. Mizani hizi mbili hazikutani vizuri. Waya wetu wa 2.5 wenye uzi mmoja mzito una kipenyo cha takriban milimita 1.78, tundu namba 14 la Kimarekani limekusudiwa waya wa milimita 1.63, na tundu namba 12 limekusudiwa waya wa milimita 2.05. Fundi akitumia la kwanza anaikata shaba. Akitumia la pili anaacha utando wa plastiki usiokatika, na atavuta kwa hasira. Waya wa 1.5, wenye kipenyo cha milimita 1.38, una msiba kama huo baina ya namba 16 na namba 14. Wenye nyuzi nyingi nyembamba hudhurika zaidi: katika waya wa nyuzi saba, makali yakizichukua nyuzi mbili tu, fundi amekwisha kupoteza zaidi ya robo ya njia ya umeme, na aghalabu hata hajui, kwa sababu nyuzi hizo hutoka zimefichama ndani ya ganda lililovuliwa. Kompresa inapoamka huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaoutumia ikiwa imetulia katika mwendo wake, na penye njia iliyopunguzwa ndipo joto hufanya maskani.

Kwa hiyo shauri la kwanza kwa kijana wa Kiserian, wa Kitengela au wa Kajiado mjini anayejikusanyia vyombo ni kusoma maandishi ya matundu kabla ya kusoma bei. Kikiandikwa 0.75, 1.5, 2.5, 4 na 6, kimefanywa kwa nyaya zetu. Kikiandikwa namba za Kimarekani peke yake, hata kiwe kimetoka kwa mhunzi mashuhuri wa huko, kimfae fundi anayehudumia mitambo iliyokuja na nyaya za huko. Kuna vile vinavyojirekebisha vyenyewe, ambavyo hushika ganda kwa taya moja na kulivuta kwa nyingine, na kwa plastiki ya kawaida ni raha tupu, hasa kwa fundi mwenye nyaya hamsini za kufunga katika paa la godauni huko Athi River, eneo la viwanda la EPZ. Lakini nyaya zilizovikwa silikoni ili zistahimili joto, kama zile za hita ya kuyeyushia barafu ndani ya jokofu, huteleza katika taya hizo au hunyumbuka bila kukatika. Kwa nyaya hizo kile cha matundu, kikiwa na kipimo sawasawa, hakijapata mpinzani.

Nimekaa sana juu ya kuchuna kwa sababu ndiko kunakosahauliwa. Kuhusu kukata, kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba koleo jema ni gumu.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno feleji, wakimaanisha chuma cha pua kilicho bora, chuma cha upanga, nao hawakulitoa neno hilo kwa kila kipande kilichong'aa. Koleo la feleji ya kweli hufuliwa kwa nyundo ya mtambo likiwa jekundu, halimiminwi katika kalibu kama sufuria, kisha makali yake peke yake hupashwa moto wa pili na kupozwa ghafla yapate ugumu upitao ule wa mwili wake. Siri iko hapo. Likiwa gumu lote, litapasuka kama chungu siku litakapoanguka kutoka juu ya ngazi. Likiwa laini lote, litaonyesha mapengo baada ya msumari wa kwanza. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell, makali ya koleo zuri hufikia 60 na kuendelea, ilhali mwili huachwa chini ya hapo ili uweze kuvumilia. Maandishi ya kromu na vanadiamu yaliyopigwa ubavuni yaeleza kilichochanganywa katika chuma. Hayaelezi kama aliyekipasha moto alikuwa macho au amesinzia.

Ustadi huo una nasaba. Mwaka 1857, mhunzi Mjerumani aliyehamia Chicago, Mathias Klein, aliletewa na fundi wa nyaya za simu za maandishi nusu ya koleo lililovunjika. Akafua nusu mpya, akaiunga na ile iliyosalia. Yasimuliwa katika kampuni iliyozaliwa siku ile kwamba baada ya muda fundi yule alirudi, kwa sababu nusu ya zamani nayo ilikuwa imevunjika, na nusu ya Klein ilikuwa ingali nzima. Huko Ujerumani kwenyewe, C. Gustav Putsch alifungua karakana yake Cronenberg mwaka 1882, na makoleo ya Knipex yatokayo katika nasaba hiyo ndiyo ambayo mafundi wengi wa Nairobi huyataja kwa sauti ya mtu anayetaja gari asilolimudu. Katika maduka yetu leo hutawala majina ya China, kama Ingco na Total, ambayo mengi ya makoleo yao hufanya kazi ya halali kwa bei ya halali. Mwenye kuyadharau yote kwa ajili ya asili yake hajatenda insafu, na mwenye kuyaamini yote kwa ajili ya rangi yake ni ndugu yangu wa shilingi 350.

Ikiwa mtu angali anashuku kwamba uchaguzi wa kitu cha kukatia ni jambo la kupotezea wasaa, na ashike barabara ya Magadi, apite Kona Baridi, ateremke bondeni mwendo wa saa moja hivi, afike Olorgesailie. Hapo, mahali ambapo mwanajiolojia John Walter Gregory alipata kuona zana za mawe mwaka 1919, na ambapo Mary na Louis Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka ya mkono yametapakaa chini kana kwamba wenyewe wameondoka jana, yaonekana bayana kwamba binadamu alikuwa mchaguzi wa makali kabla hajawa na mji wala mtumbwi. Watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba watu walioishi pale zaidi ya miaka 300,000 iliyopita hawakuridhika na mawe yaliyokuwa miguuni pao. Walitumia jiwe jeusi la kioo cha volkano lililotoka mbali, baina ya kilomita 25 na 95, kwa sababu makali yake hayana mfano. Waswahili husema mchagua nazi hupata koroma. Wale wa Olorgesailie hawakuusikia msemo huo, nao walipata makali.

Turudi kwenye karakana. Koleo zuri lauawa zaidi na mwenyewe kuliko na kazi, na fundi wa majokofu ana njia zake mahususi za kulitumia vibaya. Ya kwanza ni kulikatia mrija mwembamba wa shaba upelekao gesi katika jokofu, ambao tundu lake la ndani aghalabu halifiki milimita moja. Koleo hulibana tundu hilo likaziba au likabaki nusu, na fundi akashinda siku nzima akitafuta kwa nini baridi haiji. Mrija huo hukwaruzwa kwa tupa pande zote, kisha huvunjwa taratibu kwa vidole, au hukatwa kwa kikato chake maalumu. Ya pili ni kuliegesha koleo juu ya vichwa viwili vya kapasita ili kuumaliza umeme uliobaki ndani: cheche moja huacha shimo katika makali lisiloondoka, na ikiwa ni jokofu la kisasa la gesi ya R600a, ambayo ni jamaa ya gesi ya jikoni na huwaka kama hiyo, cheche hiyo hiyo yaweza kuacha na msiba penye uvujaji. Kapasita hutulizwa kwa kizuizi cha umeme kilichoungwa kwa nyaya zenye maganda mazima, nalo si jambo la kubahatisha. Ya tatu ni kulifanya nyundo. Sina la kumwambia mwenye kufanya hivyo.

Mipini nayo ina uwongo wake. Plastiki nyekundu au ya buluu iliyochovywa juu ya chuma ni kwa ajili ya starehe ya kiganja, abadan si kwa ajili ya kuzuia umeme, na umeme wetu ni wa volti 240 katika nyumba na 415 penye nyaya tatu za moto. Koleo la kumlinda mtu hupigwa chapa ya pembetatu mbili pamoja na volti 1000, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, na kila moja la namna hiyo huwa limejaribiwa kiwandani kwa volti 10,000 kabla halijafungwa. Hata hilo likipata ufa katika mpini wake hadhi yake imekwisha, na tepu nyeusi hairudishi hadhi iliyokwisha. Kuzima swichi kuu kungali ndio ulinzi wa kwanza; chapa ni kwa ajili ya siku ambayo mtu mwingine ameiwasha bila kuuliza.

Dukani, pa kuanzia ni mwangaza. Funga taya, uliinue koleo dirishani: nuru ikipenya baina ya makali, au yakigusana nyuma yakaachana mbele, rudisha. Kisha fungua na ufunge mara kumi ukilitingisha upande kwa upande. Ribiti ikicheza leo, mwezi ujao makali yatapishana kama mikasi mibovu. Kata kipande cha gazeti kwa ncha peke yake, kwa sababu ncha ndiyo itumikayo ndani ya kisanduku chembamba cha kiyoyozi, ambamo mkono wenyewe waingia kwa shida. Tazama pia umbali wa ribiti na makali: ikikaribiana nayo, mkono hupata nguvu zaidi, jambo ambalo misuli ya kiganja hulifahamu saa kumi jioni. Koleo la inchi 6 kwa nyaya nyembamba na la inchi 8 kwa nyaya nene, pamoja na la kuchunia lenye vipimo vyetu, ni watatu wanaotosha kuanza nao maisha. Lile moja linalodai kukata, kuchuna, kubana na kufungua soda hufanya kila moja ya kazi hizo kwa nusu.

Ghashi ipo, na jina kubwa lililochapwa ubavuni si dhamana. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, nayo imesaidia kukamata nyingi, lakini askari hawezi kusimama katika kila kibanda. Herufi zilizopigwa ndani ya chuma wakati wa kufuliwa ni vigumu kuigiza kuliko zile zilizopakwa rangi juu. Na chombo cha mfuaji mashuhuri kinachouzwa kwa bei ya chai na mandazi chastahili kutazamwa mara mbili.

Wenye kazi upande wa Magadi wana adui mwingine, vumbi la magadi lenyewe, ambalo hupenya ribiti pamoja na chumvi na joto la bonde, likafanya koleo la mwaka mmoja kuwa kama la urithi. Fundi niliyemkuta chini ya kabati la nyama, ambaye huteremka huko mara kwa mara, hulifuta koleo lake kwa kitambaa kikavu kila jioni na kulitia tone moja la mafuta katika ribiti, kisha hulifungia katika kipande cha ngozi alichopewa machinjioni, chenye mtai mkubwa katikati ambao ulikifanya kisiuzike. Amekaa na koleo hilo miaka kumi na moja.

Nina ombi moja kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na umeme, kuanzia kituo cha Kiserian hadi njia ya Isinya na kwingineko katika Kajiado. Wekeni mezani kipande cha waya wa 1.5 na kingine cha 2.5, chenye urefu wa shubiri tu, na mruhusu mnunuzi afungue pakiti, akate, achune, aitazame shaba penye mwangaza kabla hajatoa fedha.